Pakingi ya ghorofa mjini: kivuli kipo, rangi ya gari nimeiacha kwenye nguzo

Nyota tatu kwa tano, na moja kati ya hizo ni ya kivuli peke yake. Aliyewahi kuiacha gari juani Darajani, sokoni hapa Unguja, akairudia saa nane mchana, atanielewa.

Nilikwenda siku za mwisho za Ramadhani, Noah imejaa watu saba, mama mkwe kiti cha mbele. Getini hakuna tabu, kijana ana adabu, tiketi unapewa hapo hapo. Tabu ni rampu ya kwanza. Tulipanda vizuri mpaka pale saruji inapolala ghafla kuingia ghorofani, tukasikia krrr chini ya miguu. Magurudumu ya mbele yameshafika juu, ya nyuma bado yako mlimani, na gari ndefu yenye mzigo tumbo lake liko chini. Kila mtu akanyamaza.

Wiki ya pili nikarudi na mpwa wangu, fundi wa ujenzi, na futi kamba yake. Rampu inapanda mita 3 kwa mita 17 za mlalo, karibu asilimia 18. Ni kali, akasema, lakini kilichonikwaruza si ukali wenyewe, ni kukatika ghafla. Rampu ikipita asilimia 10 hivi, kipande cha kama mita tatu mwanzoni na kingine mwishoni hupewa nusu ya ule ukali, gari iinuke taratibu na ilale taratibu. Hapa vipande hivyo havipo. Kwa hiyo chini unakuna bampa, juu unakuna tumbo.

La pili nililigundua mwenyewe. Sisi tunashika kushoto na dereva anakaa kulia. Njia ya kupanda ingezunguka kuelekea kulia, kona ya ndani ingekuwa ubavuni kwangu, ningeiona. Hii inazunguka kushoto, nguzo iko upande wa abiria, unaikisia tu. Itazameni nguzo ya ghorofa ya pili: nyeupe, fedha, buluu, na sasa kijivu changu.

Haki yao niwape: kupanda kuna njia yake na kushuka kuna yake, hukutani na mtu pua kwa pua kama vichochoro vya Mji Mkongwe. Nafasi za kupaki ni pana, mlango unafunguka wote. Ila ile rampu wameisugua laini kama sakafu ya baraza. Mvua ya masika ikipeperushiwa ndani, matairi yanateleza. Wangeichonga mistari tu, matairi yashike.

Mwenye Vitz au IST aingie bila wasiwasi. Mwenye Noah au Alphard ashushe watu chini kwanza. Mimi ndivyo ninavyofanya sasa: mama mkwe anapanda ngazi kwa miguu, na kila siku namkuta ameshafika juu, ananingoja.