Siku Nne kwa Baiskeli kutoka Tanga hadi Lushoto

Katika mji kama Tanga, ambamo mwalimu, mchuuzi wa samaki na mzee anayewahi sala ya alfajiri hukutana njiani kila mmoja juu ya baiskeli yake, kulipa shilingi 380,000 ili upelekwe kuendesha baiskeli ni jambo la kuchekesha, na mke wangu hakunificha kicheko chake. Hata hivyo, nilijiunga na msafara wa watu saba ulioandaliwa na wakala mmoja wa utalii wa hapa mjini, kwa safari ya siku nne kuelekea magharibi hadi Milima ya Usambara.

Siku mbili za mwanzo hazina mengi ya kusimulia. Njia ya Muheza, yenye machungwa kando ya barabara na mashamba ya mkonge, zao lililoingia nchini mwaka 1893, haimshindi mtu aliyezoea kupakia gunia kwenye karia. Ugumu huanza Segera, ambako barabara huungana na ile inayotoka Dar es Salaam kwenda Arusha, na malori na mabasi hupita karibu kiasi cha kukuyumbisha kwa upepo wake. Hapo wakala anastahili sifa, kwa kuwa alituamsha saa kumi na moja, akatuvisha fulana zinazong'aa, na gari lake likatufuata taratibu kwa nyuma hadi Korogwe.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni takriban kilomita 33 tu, lakini ndani yake mnapanda mita zipatazo 900, kona baada ya kona, ukuta wa mawe upande mmoja na korongo upande wa pili. Mwenyeji wa pwani hugundua hapo kwamba amejua baiskeli maisha yake yote bila kujua mlima. Gea nyepesi kuliko zote katika baiskeli niliyokodishwa haikukubali kuingia, nikalazimika kuisukuma karibu nusu ya njia hadi Soni, ambako maporomoko ya maji yanaonekana kutoka barabarani, nami nilikuwa na muda wa kutosha wa kuyatazama.

Kasoro kubwa ilijitokeza siku ya nne, baada ya kutoka kwenye genge la Irente, ambako nchi tambarare ya Mazinde imetandazwa chini yako kama mkeka. Tulipoanza kuteremka, raba za breki zangu zilikuwa zimekwisha kiasi kwamba chuma kilisaga rimu, na kiongozi wetu, kijana mwenye adabu lakini asiye na hata spana moja, alinishauri nitumie viatu. Fundi wa Soni alizibadilisha kwa shilingi 4,000, akauliza, "Mjomba, hii imefikaje huku juu?" Wakala aliyefikiria fulana na gari hakuwa na udhuru wa kusahau breki, hasa kwenye mteremko ambao hata madereva huushuka kwa gea nzito.

Chakula kilitosha, vyumba vya Lushoto vilikuwa safi, na blanketi mbili hazikuwa nyingi kwa baridi ile. Nimekwisha kulipia nafasi nyingine ya mwezi Januari, ila safari hii nitakwenda na baiskeli yangu mwenyewe, ambayo iko kwa fundi wa Ngamiani ikifungwa gea na raba mpya.