Tekken 3 kwenye DuckStation: nimesafisha picha mpaka nikajuta kidogo

Mimi Tekken 3, gemu ya kupigana ya PlayStation ya kwanza (PS1), niliijua nyeusi na nyeupe. Kibanda cha gemu cha mtaani kwetu Makorora, Tanga, kilikuwa na PlayStation iliyochipiwa (imewekewa chipu ya kusoma CD za kunakili), TV ya chogo, na CD ambazo nyingi zilikuwa nakala za toleo la Marekani. Gemu za Marekani zinatoa picha kwa mfumo wa NTSC, TV yetu ilikuwa ya PAL, basi picha inafika ila rangi inabaki njiani. Tulicheza hivyohivyo, shilingi 50 mechi moja. Kwamba nguo za Eddy Gordo, mmoja wa wapiganaji wake, ni njano na kijani nimekuja kujua ukubwani.

Ndiyo maana mtu akiniambia emuleta fulani (programu inayoigiza mashine ya gemu) inarudisha utoto, huwa namwuliza: utoto wa nani?

DuckStation, emuleta ya PS1, ninaitumia mwezi wa nne sasa, kwenye laptopu ya mtumba yenye Core i5 na RAM ya GB 8, haina kadi ya picha ya pembeni. Ni ya bure. Kabla yake nilikuwa na programu nyingine ya simu, jina nalihifadhi, iliyokuwa inaniwekea tangazo katikati ya raundi. Haikumaliza wiki. Kuweka DuckStation si kazi, ila haiji na BIOS, ile programu ya kuwashia iliyomo ndani ya PlayStation. Hiyo ni mali ya Sony, unatakiwa uitoe kwenye mashine yako mwenyewe. Yangu ilinila jioni mbili.

Sasa tuje kwenye picha, maana ndiyo iliyonileta hapa.

Siku ya kwanza nilifanya anachofanya kila mtu: nikapandisha ukubwa wa picha mara 4. Gemu nyingi za PS1 zilichorwa kwenye pikseli 320 kwa 240 hivi, kwa hiyo hapo unapata 1280 kwa 960. Mabega ya Jin, mpiganaji mwingine, yakanyooka kama yamekatwa kwa wembe. Lakini uso wake ukabaki na madoa makubwa yaleyale, na mandhari ya nyuma, ambayo kwenye Tekken 3 ni picha bapa iliyobandikwa, ikaonekana kama bango la zamani nyuma ya watu wapya. Emuleta haina kosa hapo. Mashine nzima ilikuwa na kumbukumbu ya picha ya MB 1, na humo humo ndimo picha inayochorwa na ngozi za wahusika wote zilipogawana nafasi. Kinachoongezeka ukipandisha ukubwa ni ukali wa kingo za pembetatu zinazounda umbo la mtu. Ngozi iliyobandikwa juu yake ni ileile ndogo.

Nilipoona thamani ya programu hii ni kwenye Gran Turismo, gemu ya mbio za magari. Aliyeicheza kwenye mashine yenyewe anakumbuka barabara: ukikaribia kona, mistari inajikunja kama nyoka na kingo za ukuta zinatetemeka. Tulidhani ni CD imekwaruzika. Kumbe kwenye PS1 kuna kitengo kinachopiga hesabu za umbo, kinaitwa GTE, kikimaliza kinatoa nukta za pembe za pembetatu kwa namba nzima tu, bila desimali. Nukta inayotakiwa kusogea nusu pikseli haiwezi. Inakaa, halafu inaruka pikseli nzima. Ndiyo kule kutetemeka. Halafu chipu inayochora haipewi habari ya umbali kabisa, inaambiwa kulia-kushoto na juu-chini basi, kwa hiyo inanyoosha lami juu ya pembetatu kana kwamba iko bapa mbele ya uso wako. Ndiyo kule kujikunja.

DuckStation ina setingi ya PGXP. Inachofanya ni kuzishika zile desimali kabla hazijatupwa, kuzifuata zikipita kwenye kumbukumbu, na kuzikabidhi kwa mchoraji pamoja na umbali. Niliiwasha nikiwa mbioni. Mstari mweupe ulinyooka hapohapo, ukatulia, nikasahau kukata kona nikaingia ukutani.

Haikubali kila mahali. Gemu ikichukua zile namba ikazipigia hesabu zake pembeni, ufuatiliaji unakatika na pembetatu moja moja zinarudi kuruka, sasa zinaonekana zaidi kwa sababu jirani zake zimetulia. Na kuna jambo PGXP haiwezi kulifuta hivihivi: PS1 haikuwa na njia ya kukagua kila pikseli ipi iko mbele. Gemu yenyewe ilipanga pembetatu kwenye foleni, za mbali kwanza, za karibu juu yake. Foleni ikikosewa, mguu unatokeza kwenye paja. Mguu huo utaukuta hata ukicheza kwenye kioo cha 4K.

Kitu pekee nilichokizima nikakirudisha ni zile chengachenga za rangi. Chipu ya PS1 ilihifadhi rangi kwa biti 15, na kuficha ngazi kati ya rangi na rangi ilinyunyiza nukta kwa mpangilio wa 4 kwa 4. Kwenye kioo cha leo nukta zinaonekana kama vumbi, na emuleta inakuruhusu kuzifuta zote. Nilifuta, nikafungua Silent Hill, gemu ya kutisha. Ukungu ukawa laini kama wa kompyuta, na uoga wote ukaniisha. Nikazirudisha.

Kwa laptopu ya aina yangu, mara 4 na PGXP vinaenda bila kukwama. Angalizo moja: CD ya PAL inakwenda fremu 50 kwa sekunde na vioo vingi vya laptopu ni 60, kwa hiyo picha inastuka kidogo ikizunguka. Kama una chaguo, tumia NTSC.

Sikukuu ya Idd mdogo wangu alikuja, nikamwekea Tekken 3 nikiwa na kila kitu juu. Akacheza mechi mbili, akaweka pedi chini.

"Braza, hii umeiosha mno."

Nikaingia kwenye setingi, nikaweka uchoraji wa software, ule unaochora pikseli kwa pikseli kwa kuifuata chipu ya PS1, ukubwa wa mara 1, na kichujio cha TV ya chogo. Akaangalia.

"Bado. Toa rangi."

Nikashusha rangi ya kioo mpaka sifuri. Hapo akaiokota pedi, akamchagua Eddy, akanipiga tatu bila kwa kubonyeza duara na X tu.