Seti ya ruta tatu: miezi minne nikiitafutia waifai chumba cha mwisho

Boksi liliahidi kasi kila pembe ya nyumba na kwa kila kifaa. Pembe, sawa. Vifaa, hapo tutaongea.

Kuzifunga ni rahisi, programu ya simu inakuongoza na dakika 20 nikawa nimemaliza: ruta mama kwenye modemu, watoto wawili vyumbani, jina moja la waifai. Kisha nikapima. Karibu na mama napata megabiti 190 kwa sekunde kati ya 200 ninazolipia. Chumba cha mwisho, 48. Na vistari vya waifai vimejaa! Nilizunguka na simu mkononi kama mtu aliyepoteza ufunguo, hadi nikaelewa kwamba vistari vinaonyesha simu inavyomsikia mtoto, basi. Mtoto naye anamsikiaje mama, hilo havisemi. Mtoto wangu nilikuwa nimemficha nyuma ya kuta mbili za tofali.

Isitoshe, seti hii ina masafa mawili tu, gigahezi 2.4 na 5, hivyo redio ya ruta (sehemu inayorusha mawimbi) inayohudumia simu ndiyo hiyohiyo inayobeba mzigo kuurudisha kwa mama. Inapokezana, na kasi inakatika kama nusu. Nikamsogeza mtoto koridoni, mahali ambapo mtandao wa mama bado unashika vizuri: 85. Mwishowe nikapitisha waya wa mtandao, aina ya Cat 5e, mita 25, pembeni mwa ukuta, kutoka kwa mama hadi kwa mtoto. 185! Waya huo unabeba gigabiti nzima hadi mita 100, kwa hiyo hapo hakuna tena kinachobana. Ndiyo, nimenunua kitu cha kuniepusha na waya kisha nikakivutia waya. Nichekeni tu.

Sasa vifaa. Printa yangu ya zamani iligoma kabisa. Seti ilikuja ikiwa imewekwa usalama wa WPA3 pekee, mfumo mpya wa kulinda waifai, na printa inaijua WPA2 tu, ule wa kabla yake. Nikachagua hali ya mchanganyiko inayokubali zote mbili, ikaingia. Plagi janja nayo inasoma 2.4 peke yake, na haikukubali kuunganishwa mpaka nilipozima 5 kwa muda. Hakuna ukurasa hata mmoja wa kijitabu unaogusia haya, nami naona ni kosa kubwa, maana vifaa vya zamani ndivyo vinavyomsumbua mtu.

Runinga ilinifundisha adabu. Niliichomeka waya kwa madaha, ikagota 94, kumbe tundu lake mwisho wake ni megabiti 100. Nikaichomoa, kwa waifai inapata 150.

Kitu ambacho sijakimaliza ni simu kung'ang'ania ruta ya mbali. Natoka sebuleni hadi chumbani, mtoto yuko hatua tatu, simu bado inaongea na mama na video inazunguka tu. Uamuzi wa kuhama ni wa simu yenyewe, ruta inaweza kuishawishi lakini haiwezi kuilazimisha. Simu yangu mpya inahama bila mimi kujua. Ile ya zamani naizimia waifai na kuiwasha tena, mara mbili tatu kwa siku.

Ningenunua tena? Ningenunua ya ruta mbili na waya mrefu. Ya tatu nimeirudisha kwenye boksi lake.