Peugeot ya zamani ya familia: ipi uchukue kwanza na ipi uiache tu ipite

Ukienda kuangalia Pijo ya zamani usianze na boneti. Watu wote wanaanza na boneti, mwenyewe anawasha injini inanguruma vizuri, watu wanatabasamu, pesa inatoka. Wewe anza chini, lala hapo na tochi uangalie sakafu na zile kingo za chini ya milango na pale gurudumu la spea linakaa, dunga na bisibisi, ikizama shukuru uondoke. Injini ya hizi gari fundi yeyote mzee wa jua kali anaifungua huku anapiga stori, lakini bodi ikishaliwa na kutu, hasa gari iliyoishi Mombasa ama Malindi kwa ile chumvi, itakula mshahara wako pole pole. Na usijidanganye eti utaagiza nyingine nje, Kenya gari mtumba haifai kuzidi miaka 8, kwa hivyo hizi zilizobaki ndizo hizi tunang'ang'ania.

Nafasi ya kwanza naipa 505 station wagon. Najua wapenzi wa 504 watanirushia mawe lakini sisi tunaongea gari ya kubeba watu, sio ya kupiga picha. Ile ya viti mistari mitatu inabeba watu 8 na wote wanaangalia mbele, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.9, na nyuma ina ekseli nzima na springi za koili, kwa hivyo upakie nyanya wa watoto, yaani bibi yao, magunia mawili ya viazi na mbuzi, bado inatembea imenyooka. Tafuta ya petroli 2.0 ya kabureta kwa sababu injini ni ile ile ya 504 na spea zake hata Kirinyaga Road, ile barabara ya maduka ya spea Nairobi, utapata mtu anajua unaongea nini. Ile GTi ya 2.2 inakimbia kweli, ila inatumia mkanda wa taiming, na kama huna uhakika ulibadilishwa lini badilisha siku hiyo hiyo umenunua. Dizeli 2.5 ni ya mtu hana haraka, kwenye mlima utapitwa na kila kitu lakini utafika.

Ya pili ni 504 saloon. Hii haihitaji utangulizi, ilitoka 1968, mwaka uliofuata ikawa gari bora ya mwaka Ulaya, halafu Ove Andersson akashinda nayo Safari Rally 1975. Kwa barabara mbaya bado sijaona gari ndogo inakaa hivi, nyuma kila gurudumu lina mguu wake na viti ni kama vya sebuleni. Shida ni bei, siku hizi kila mtu babake alikuwa nayo na anataka kuinunua tena.

Na joto. Joto ndio adui wa 504. Silinda hedi ni ya aluminiamu na slivu zake, zile bomba za chuma pistoni zinatembea ndani yake, zinakaa ndani ya maji, sasa ikichemka mara moja tu gaskiti inaenda na hedi inapinda. Feni yake ina sumaku ya umeme, inatakiwa ishike maji yakipata moto, waya ukikatika inazunguka kivivu tu na wewe hujui. Mimi nilijua nikipanda kutoka Mai Mahiu na familia yote ndani, mvuke ukatoka kama birika, kumbe fundi aliyeniuzia alikuwa ametoa themostati na kukata waya wa geji ya joto ndio mshale usipande!! Tulikaa hapo masaa matatu tukila mahindi choma. Baadaye fundi mwingine aliifunga feni kwa skrubu izunguke muda wote, inapiga kelele kidogo lakini nalala usingizi. Kwa hivyo wakati wa kujaribu gari usizunguke mtaa mara moja urudi, iendeshe nusu saa, isimamishe ikiwa inawaka, uangalie feni inashika ama haishiki.

504 station wagon naiweka ya tatu, na sio kwa ubaya wake. Nyingi zilikuwa matatu za safari ndefu, zile za Nairobi kwenda Nakuru, zimebeba watu mpaka zikachoka mifupa. Ukipata moja iliyokuwa ya misheni ama ya mwalimu mstaafu, hiyo chukua hata kabla ya 505.

405 ni rahisi kuipata na inakula mafuta kidogo, ila hii inavuta na magurudumu ya mbele na haipendi mashimo. Simama nyuma yake mita kumi uangalie: magurudumu ya nyuma yakiwa yameinama juu kwa ndani kama miguu ya ndama aliyezaliwa jana, beringi za ekseli zimekwisha, hiyo kazi si ndogo.

404 iliyoshinda Safari mara nne kati ya 1963 na 1968 ni ya Jumapili tu, usiipeleke shule kila asubuhi.

Na kuna jamaa atakuonyesha Citroën CX, hii si Pijo ila ni Mfaransa mwenzake, inayojiinua yenyewe ukiwasha, ni raha kuiona, lakini pampu moja ndiyo inalisha suspenshoni, breki na usukani, na oili yake ni ya kijani ya aina yake, ukimpata mtu akaiwekea ya kawaida umekwisha. Kama huna fundi wake tayari kwenye simu, pita.

Halafu logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Wenye hizi gari wengi walikuwa wazee na wengine hatunao tena, kwa hivyo muulize anayeuza jina lililoandikwa ni la nani. Akikwambia ni la marehemu baba, mwambie amalize kwanza mambo ya urithi kortini ndio akupigie simu, na usiache hata deposit.