Clonezilla na imeji ndogo ya Debian: uzoefu wangu

Kwa mwenye kompyuta nyingi za kuwekea Linux, Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima kuwa imeji (nakala yake) na kuirejesha kwenye mashine nyingine, ni chombo cha kuaminika. Naipa nyota nne kati ya tano. Ila kazi kubwa iko kabla hujaiwasha: ukinakili mfumo usioandaliwa, kasoro zake zitahamia kwenye kila mashine. Mimi naitumia kusambaza Debian 12, aina mojawapo ya Linux, kwenye kompyuta za mitumba, zile OptiPlex na EliteDesk za maabara za shule na ofisi ndogo, ambako diski na kadi za mtandao hazifanani na bando halitoshi kila mashine ishushe vifurushi vyake.

Mfumo-mama nautengeneza ndani ya mashine pepe (kompyuta inayoigwa na programu) ya QEMU, kwa UEFI (mfumo wa kuwashia wa kompyuta za kisasa), diski ya GB 8. Udogo huo una sababu. Clonezilla kwa kawaida hukataa kurejesha imeji kwenye diski ndogo kuliko ya asili, na diski mbili zilizoandikwa GB 120 na watengenezaji tofauti huweza kupishana MB kadhaa, ambazo zinatosha kukwamisha kazi. Imeji ya GB 8 huingia popote. Patisheni ni mbili tu: ya EFI (ya kuwashia), MB 512, kisha ya mfumo, kwa muundo wa ext4, na hii lazima iwe ya mwisho ili iweze kupanuliwa baadaye. Swap (nafasi ya diski ya kusaidia RAM) siipi patisheni; faili la swap linatosha, nalo huundwa baada ya kurejesha.

Kisakinishi kikifika kwenye orodha ya programu, acha alama kwenye seva ya SSH (ya kuingia kwenye mashine kwa mbali) na zana za kawaida za mfumo peke yake. Kisha ongeza firmware-linux, firmware-realtek, firmware-iwlwifi na cloud-guest-utils (yenye growpart ya kupanua patisheni), baada ya kuhakikisha sources.list ina sehemu ya non-free-firmware. Mashine pepe haihitaji vifurushi hivyo vya firmware (programu za ndani ya vifaa), lakini kompyuta halisi itavitaka mara tu ikiwaka.

Sasa usafi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu:

apt clean
rm -f /etc/ssh/ssh_host_*
truncate -s 0 /etc/machine-id
rm -f /var/lib/dbus/machine-id
ln -s /etc/machine-id /var/lib/dbus/machine-id

Faili la /etc/machine-id, lenye namba ya utambulisho wa mashine, linaachwa tupu, halifutwi. Systemd (programu inayoendesha huduma za mfumo) ikilikuta tupu hutengeneza namba mpya. Mistari miwili ya mwisho usiiruke. Kama /var/lib/dbus/machine-id ni faili kamili lenye namba ya zamani, systemd itaichukua namba hiyo hiyo na kuirudisha, na kazi yako ya juu itakuwa bure. Matokeo yake huonekana kwenye mtandao: systemd-networkd, sehemu yake ya mtandao, hujitambulisha kwa DHCP (huduma inayogawa anwani za IP) kwa kitambulisho kinachotokana na machine-id, kwa hiyo kompyuta mbili za modeli moja hupewa anwani moja ya IP na kuanza kunyang'anyana. Watu hubadilisha kebo na swichi siku nzima, kumbe tatizo liko kwenye faili la mstari mmoja.

Funguo za SSH nazo Debian haizitengenezi upya yenyewe ikiwaka. Weka huduma ndogo ya systemd inayoendesha /usr/bin/ssh-keygen -A, yenye Before=ssh.service na ConditionPathExists=!/etc/ssh/ssh_host_ed25519_key, kisha uiwezeshe. Bila hiyo sshd itagoma kuanza, nawe huna njia ya kuingia kwa mbali.

Jina la kadi ya mtandao ni mtego mwingine. Ndani ya QEMU utaona ens3 au enp1s0. Kwenye mashine halisi ni eno1 au enp0s31f6. Ondoa mistari yake ndani ya /etc/network/interfaces, kisha tumia systemd-networkd na faili lenye Name=en* na DHCP=yes. Angalia pia /etc/initramfs-tools/initramfs.conf: iandikwe MODULES=most. Ikiwa ni dep, initramfs (mfumo mdogo unaopakiwa kwanza) itabeba draiva za mashine pepe tu, na kompyuta yenye diski ya NVMe itakwama kabla ya kuiona diski.

La mwisho ni grub, programu inayowasha mfumo. Endesha dpkg-reconfigure grub-efi-amd64 na ukubali iwekwe pia kwenye njia ya vifaa vya kuchomoa, yaani EFI/BOOT/BOOTX64.EFI. Kompyuta za mitumba ambazo betri ya ubao imekufa huweza kusahau orodha ya kuwashia, na njia hii huwa ndiyo inayoziokoa.

Ukimaliza, zima. Usiiwashe tena kabla ya kunakili, maana machine-id na funguo vitazaliwa upya. Washa moja kwa moja kwa Clonezilla, chagua device-image, savedisk, na ubanaji wa -z9p. Partclone iliyomo ndani husoma bloku zilizotumika tu, hivyo imeji inakaa kwenye flashi ndogo bila shida.

Kurejesha ni restoredisk. Imeji iliyotoka kwenye sda inaingia kwenye nvme0n1 bila kuhariri kitu. Kisha, ndani ya mfumo mpya, panua patisheni ijaze diski:

growpart /dev/nvme0n1 2
resize2fs /dev/nvme0n1p2

na ubadilishe jina la mashine kwenye /etc/hostname na /etc/hosts.

Kwa mashine nyingi kwa pamoja, urushaji wa multicast unafaa sana mradi kebo zote ziwe nzima. Gigabiti inahitaji jozi zote nne za nyaya. Kebo yenye jozi mbili zinazofanya kazi huishusha mashine yake hadi Mbps 100, na darasa zima litaisubiri. Tazama taa za swichi kabla ya kuanza. Wi-Fi usiijaribu kwa kazi hii.

Nyota iliyopungua ni ya masasisho. Imeji ya Clonezilla huwezi kuifungua na kuongeza kifurushi kimoja: unairejesha kwenye mashine pepe, unasasisha, unasafisha upya, unanakili tena. Kwa hiyo natunza diski ya QEMU yenyewe kama asili, na orodha yote ya usafi naiweka kwenye skripti moja ndani ya /root. Na kompyuta zisizojua UEFI zinahitaji imeji yao ya pili. Hii ya GPT (aina ya jedwali la patisheni) na EFI haitawaka huko.