Kadi ya waifai ya laptopu: soma tarakimu ya mwisho kabla hujatoa hela

Machi mwaka huu nilitoa shilingi 60,000 Kariakoo kwa kadi ya waifai ambayo haikuwaka hata dakika moja kwenye laptopu yangu. Kadi yenyewe ilikuwa nzima, mpya, bado imo kwenye kimfuko chake cha kijivu. Iliingia kwenye sloti bila kulazimishwa, skrubu ikakaza, nyaya za antena zikabana. Nikawasha mashine, waifai hamna. Nikafungua Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vya kompyuta, sikuona hata ile alama ya njano ya kifaa kinachodai draiva (programu ya kukiendesha). Kwa laptopu yangu, sloti ilikuwa tupu.

Kesho yake nikarudi dukani. Siku ya kununua muuzaji aliniambia, "Dada, hii inaingia laptopu yoyote." Safari hii akaniambia laptopu yangu ndiyo mbovu, kisha akanionyesha mstari wa chini wa risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikamuuliza kama amewahi kuifunga kadi hiyo kwenye mashine yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 7 ikafanya kazi. Akahamia kwa mteja mwingine.

Kwa hiyo hapa sitapoteza maneno kwenye kasi ya juu kabisa inayoandikwa kwenye boksi. Hiyo kila muuzaji anaijua kwa moyo. Nataka tuzungumzie jambo ambalo sijaona duka lolote likilibandika ukutani.

Sifuri na moja

Kadi niliyouziwa ni Intel AX201. Niliyokuwa naihitaji ni AX200 au AX210. Ziweke mezani pamoja: ukubwa ule ule wa milimita 22 kwa 30, tundu la skrubu pale pale, vichwa viwili vya antena vile vile. Ila AX200 ni kadi kamili. Inazungumza na kompyuta kwa njia ya PCIe, barabara ya kawaida ya data ndani ya kompyuta, ambayo laptopu za miaka yote hii zinaielewa. AX201 ni nusu ya kadi. Juu yake kuna redio tu. Ile sehemu inayopanga na kufasiri data imehamishiwa ndani ya chipu za Intel zilizopo kwenye ubao mama. Mfumo huo unaitwa CNVi. Ukiichomeka AX201 kwenye mashine isiyo na nusu ya pili, umeshika mpini usio na jembe.

AX201 inataka prosesa ya Intel Core kizazi cha 10 au cha baadaye, na hata hapo sloti yenyewe lazima iwe imeunganishwa kwa CNVi. Laptopu yangu ni kizazi cha 7. Mwenye prosesa ya AMD asiiguse kabisa, haitawaka, hata aweke draiva mia.

Kwa kadi za AX za Intel, basi, sifuri mwishoni ni PCIe: AX200, AX210. Moja mwishoni ni CNVi: AX101, AX201, AX211. Kwa zile za nyuma kidogo kuna mtego. 9260 ni PCIe, lakini 9560 ni CNVi ingawa nayo inaishia na sifuri, na 9461 na 9462 pia ni CNVi. Hizo zikariri kwa majina.

Usisome boksi. Usisome tangazo. Mwambie muuzaji aitoe kadi kwenye kimfuko, usome stika iliyo juu ya bati lake. Pameandikwa AX210NGW au AX201NGW kwa herufi ndogo. Ukiagiza mtandaoni, omba picha ya stika hiyo kabla ya kulipa. Anayekataa kukupigia picha ya kitu anachokuuzia, mwache na mali yake.

Na kama laptopu yako ilikuja na AX201 au 9560 yake mwenyewe, mara nyingi sloti hiyo itakubali pia kadi ya PCIe, ila si kila ubao mama umejengwa hivyo. Hapo salama zaidi ni kubadilisha kwa namba ile ile.

Huenda kadi haina kosa

Laptopu nyingi zinafunguliwa bila sababu. Waifai ikipotea ghafla, hasa baada ya kusasisha Windows, zima mashine kabisa, chomoa chaja, chomoa na betri kama inatoka, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Umeme uliobaki ndani unaisha na kadi inaanza upya. Nimeona kadi za Intel zilizokuwa zikionyesha Code 10 (ujumbe wa Windows kwamba kifaa kimeshindwa kuanza) zikifufuka kwa njia hii, na mwenye laptopu alikuwa ameshakubaliana bei na fundi.

Kama waifai inakatika kila baada ya muda, ingia Device Manager, fungua sifa za kadi, sehemu ya Power Management, uondoe tiki inayoruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Kwenye ThinkPad za zamani kuna swichi ndogo ya waifai ubavuni. Kuna watu wamenunua kadi wakati swichi imezimwa.

Kisha andika `netsh wlan show drivers` kwenye Command Prompt, dirisha la amri la Windows. Utaona kadi yako inaitwaje na inajua viwango gani vya redio. Ikiishia 802.11n (Wi-Fi 4) bila ac (Wi-Fi 5) wala ax (Wi-Fi 6), na jina la waifai la 5 GHz, bendi ya redio yenye kasi kuliko 2.4 GHz, la ruta yako halionekani kabisa kwenye orodha, hapo kadi ndiyo inayokubana. Ndivyo ilivyokuwa yangu. Amri ya `netsh wlan show interfaces` ilinionyesha megabiti 72 kwa sekunde, nimekaa mita mbili kutoka kwenye ruta.

Ninazozipendekeza

Sifichi, mimi ni mtu wa Intel. Draiva zake unazipata kwenye tovuti yao bila kuhangaika, Linux inazitambua, na kadi ya miaka saba iliyopita bado inapiga kazi.

Ya kwanza kwangu ni AX210. Ni Wi-Fi 6E, ina antena mbili, Bluetooth ya kisasa, na inakubali Intel na AMD. Bendi ya 6 GHz inataka Windows 11 pamoja na ruta inayoitoa, kwa hiyo usiinunue kwa ajili ya hiyo. Inunue kwa sababu kwenye 5 GHz ya kawaida haitetereki. Niliagiza yangu China, ikanigharimu 48,000 pamoja na usafiri, chini ya ile 60,000 niliyoitupa. Ilichukua wiki tatu. Hili linaniuma mpaka leo: kitu chepesi kuliko sarafu kinavuka bahari, kinafika mlangoni kwangu, na bado ni rahisi kuliko cha dukani ambacho hakifanyi kazi. Sikatai mfanyabiashara apate faida, ana kodi ya fremu na ushuru wa kulipa. Ninachokataa ni faida bila maarifa. Anayeuza nyanya anajua ipi imeoza. Anayeuza kadi ajue ipi inaingia wapi, na kama hajui, aseme hajui.

Ya pili ni AX200. Tofauti kubwa na AX210 ni kukosa 6 GHz, ambayo kwa nyumba nyingi za kwetu haipo. Ukiipata kwa bei iliyo chini ya AX210 hata kwa tofauti ya elfu kumi, chukua. Zingatia kwamba AX200 na AX210 zote zinahitaji Windows 10 ya biti 64 kwenda juu. Mwenye Windows 7 asinunue yoyote kati ya hizo.

Ya tatu ni 8265, na hapa nasimama kidogo kwa sababu inadharauliwa. Ni Wi-Fi 5, antena mbili, megabiti 867 kwenye karatasi. Ilikuja ndani ya laptopu nyingi za ofisi za Ulaya, zile zile zinazouzwa kwetu kama mtumba, ThinkPad T470 na T480 zikiwemo, ndiyo maana mafundi wanaokata mashine zilizokufa wanazo kwenye makopo. Inakubali hata Windows 7. Kwa intaneti ya nyumbani ya megabiti 20 au 50, hutaona tofauti kati yake na AX210. Ningeanza kuiulizia kwa fundi kabla ya kwenda dukani.

Laptopu za kabla ya 2014 au hapo karibu huwa hazina sloti ya M.2, ile ya kadi za milimita 22 kwa 30 nilizozitaja. Zina mini PCIe, kadi pana zaidi. Huko nachukua Intel 7260HMW. Lakini kuna ugomvi mwingine: ThinkPad za kizazi cha T420, T430, X220 na X230 zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa ndani ya BIOS, programu inayoiwasha mashine kabla ya Windows. Ukiweka isiyomo, mashine inasimama na ujumbe wa 1802 na haiendelei mbele mpaka uitoe. EliteBook na ProBook za HP za miaka hiyo zina ujumbe wao wa 104. Kwa mashine hizo nunua kadi yenye namba ya sehemu ya kampuni iliyotengeneza laptopu yako, si kadi ya jumla.

BE200 ya Wi-Fi 7 naiacha. Imekusudiwa mashine za Intel, wenye AMD wanahangaika nayo, na Wi-Fi 7 yenyewe inataka Windows 11 toleo la 24H2 kwenda juu. Wenye AMD wanaotaka kadi ya kisasa mbali na AX210 waangalie MediaTek MT7922, ambayo laptopu nyingi za AMD huja nayo.

Kadi za elfu kumi na tano zenye antena moja na bendi ya 2.4 GHz peke yake: hapana. Vijiti vya USB vya elfu kumi vinafaa kukuvusha wiki moja, basi.

Nyaya mbili

Kabla ya kuagiza, fungua mfuniko wa chini na uhesabu nyaya nyembamba zinazoingia kwenye kadi ya zamani. Yangu ilikuwa na moja. AX210 ilipofika niliichomeka na waya huo mmoja, 5 GHz ikatokea, kasi ya kiungo ikapanda kutoka 72 hadi 433. Nilifurahi, lakini hiyo ni nusu. Fundi wa mtaani kwetu alinitafutia antena ya kubandika, akaipitisha ubavuni mwa kioo chini ya plastiki, mbali na chuma, akanidai elfu tano. Nikaandika amri ile ile: 866.

Vichwa vya nyaya za M.2 ni vidogo kuliko vya mini PCIe na haviingiliani, kwa hiyo usinunue antena bila kutaja aina. Na havikutengenezwa kuchomolewa kila siku. Kichwa kiweke sawasawa juu ya kitako chake kwanza, ukione kimekaa katikati, ndipo ubonyeze kwa ukucha mpaka usikie "tik" ndogo. Ukibonyeza kikiwa kimekaa upande, kile kipini cha katikati kinapinda, na kadi ya 48,000 inabaki na sikio moja. Kuchomoa, nyanyua kwa kitu chembamba kutoka chini ya kichwa. Usivute waya.

Chomoa betri kwanza. Na hili watu wanalisahau kila mara: pakua draiva ya kadi mpya kabla hujatoa ya zamani. Ukishaitoa huna waifai ya kupakulia draiva ya waifai. Ukisahau, unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, maliza kazi.

Ile AX201 ilikaa kwenye droo tangu Machi. Wiki iliyopita kijana wa jirani yetu, anasoma uhasibu, alileta laptopu yake ya kizazi cha 10 iliyopoteza waifai kabisa. Tulijaribu zile sekunde 30, hakuna kitu. Tukafungua mfuniko, nikasoma stika ya kadi yake kwa tochi ya simu: AX201NGW. Nikaenda chumbani nikaichukua yangu. Tulipowasha, orodha ya waifai za mtaa mzima ikajaa kwenye kioo, akaanza kunisomea majina yake moja moja.