Calc, Excel au Google Sheets: nimechagua kwa sababu ya sifuri moja

Mimi huandika programu za malipo. Lahajedwali naitumia kukagua faili za CSV (majedwali ya maandishi matupu, thamani zikitenganishwa kwa alama kama mkato) zinazotoka kwenye hifadhidata kabla hazijaenda kwa mteja. Mwaka jana nilibofya faili moja mara mbili, nikasahihisha jina la mtu, nikahifadhi. Namba zote za simu zikapoteza sifuri ya mwanzo: 0754 ikawa 754, na watu hawakupata ujumbe wao. Iliniuma sana. Tangu hapo programu naipima kwa swali moja: itaniuliza kabla ya kugusa data yangu?

LibreOffice Calc huuliza. Ukifungua CSV, kwanza linakuja dirisha dogo: kitenganishi ni mkato au nukta mkato, herufi zimehifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8 au mwingine, na kila safu wima unaipangia aina yake. Safu ya simu naiweka kuwa maandishi, sifuri inabaki palepale. Lililonivuta zaidi ni kwamba Calc inaendeshwa kutoka terminali, yaani kwa amri za kuandika, bila kufungua chochote kwenye skrini. Amri ya soffice --headless --convert-to csv nimeiweka ndani ya skripti (orodha ya amri zinazojiendesha), na faili za xlsx, yaani za Excel, zinageuzwa usiku nikiwa nimelala. Kuwa makini hapo: usipoiagiza vinginevyo, inatoa karatasi ya kwanza peke yake. Nayo ni bure, kwenye Linux na kwenye Windows.

Excel ina nguvu, sibishi, na Power Query yake, ya kuvuta na kusafisha data, sijaona mfano wake. Ila inapenda kukisia. Kwenye majedwali ya wanasayansi, jeni (kibeba urithi mwilini) iliyoitwa MARCH1 ilikuwa ikigeuzwa kuwa tarehe, hata mwaka 2020 ikapewa jina jipya, MARCHF1. Tangu 2023 ukisiaji huo unaweza kuuzima kwenye mipangilio, na kama unatumia Excel nakusihi uuzime leo. Namba ya kadi yenye tarakimu 16 nayo iweke kama maandishi, maana baada ya tarakimu ya 15 inakuandikia sifuri.

Google Sheets naifungua wahasibu wanapotaka tuhariri pamoja. Apps Script yake, ya kuandikia programu ndogo, ni JavaScript, kwa hiyo sikujifunza lugha mpya.

Faili la simu sasa nalifungua kwa Calc tu. Skripti inahesabu tarakimu kabla ya kutuma, na ikikuta namba isiyofika 10 inasimama hapohapo.